Mwalimu Byamungu na Sababu Ambazo Hakupewa

Mchungaji, wazee wa kanisa, viongozi wa vijiji vya Nakivale, majirani wa kijiji chetu cha Misiera, wanafunzi wa zamani na wa juzi, nanyi wageni mliotoka Mbarara kwa gari la ofisi, familia inawasalimu nyote katika jina la Bwana, na inawaomba mvumilie kusikiliza maisha ya mtu ambaye jeneza lake liko mbele yenu. Yatasomwa na mdogo wake, Bonaventure, kwa niaba ya ukoo mzima, na yatasomwa yote bila kuruka mahali, maana tunajua wapo ambao wangependa turuke.

Marehemu Byamungu Léopold alizaliwa tarehe 3 Machi 1955 huko Kaziba, Kivu ya Kusini, akiwa mtoto wa tatu wa mhunzi wa majembe na mkewe, mkulima wa maharage na mihogo. Wanaomkumbuka utotoni wanasema alikuwa mtoto wa kuuliza maswali mpaka watu wakachoka, na baba yake alimfukuza mara nyingi pale kwenye moto wa kufulia chuma, si kwa utundu, bali kwa sababu wateja waliofuata majembe walikuwa wanashikwa na kuulizwa chuma kinatoka wapi, na nani alikijua kwanza, na kwa nini kinaitwa chuma.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kaziba kuanzia mwaka 1961, akaendelea na masomo ya ualimu mjini Bukavu, ambako alipata diploma yake mwezi Juni 1974, diploma halali, yenye muhuri wa Jamhuri ya Zaire, kwa kuwa hilo ndilo lililokuwa jina la nchi yetu siku hizo na hakuna aliyemwuliza Byamungu kama analipenda. Septemba ya mwaka huo huo alianza kufundisha Kaziba, akafundisha miaka ishirini na miwili bila kuhama, hesabu, jiografia na sayansi, na zaidi ya yote habari za anga, ambazo alizifundisha kwa Kifaransa kwa sababu ndivyo alivyozipokea.

Jumamosi tarehe 11 Agosti 1979 alifunga ndoa na Mama Viviane, aliyekaa hapa mbele na kitambaa cheupe, na Mungu akawajalia watoto watatu, Olga mwaka 1981, Grégoire mwaka 1984 na Pascaline mwaka 1988. Mama Viviane anasema kwamba usiku wa harusi bwana arusi alimtoa nje, naye akadhani anapelekwa kuonyeshwa shamba alilopewa na wakwe, kumbe anaonyeshwa sayari Zohali, na akasimama kwenye umande na viatu vya kuazima akitafuta kitu ambacho mpaka leo hana hakika kama alikiona.

Mwezi Oktoba 1996 vita vilitukuta, na ninyi mliotoka kule hamna haja ya kuhadithiwa. Familia ilitembea mpaka Rutshuru, na huko, tarehe 2 Desemba 1996, mtoto Grégoire alikufa kwa kuhara damu akiwa na miaka kumi na miwili, akazikwa kando ya barabara na watu waliokuwa wakikimbia kama sisi. Waliobaki walivuka mpaka wa Uganda kupitia Bunagana, wakafika kambi hii ya Nakivale tarehe 9 Februari 1997, wakapewa turubai, jembe na sufuria, na marehemu, kabla hata hajamaliza kusimamisha nguzo za nyumba yake, alikuwa amekwisha kukusanya watoto wa majirani chini ya turubai lile akiwafundisha kuhesabu. Mama Viviane alipika siku hizo jua likimpiga kichwani, kwa sababu kivuli chote kilikuwa darasa.

Hapo ndipo ilipoanza kazi ambayo wengi mnamjua kwayo. Watoto aliowapata walikuwa wanatoka Uvira, Fizi, Walungu, Bujumbura, kila mmoja na lugha ya mama yake, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha wote, lakini katika Kiswahili cha nyumbani kwetu kila kinachong'aa usiku ni nyota, basi. Marehemu hakuridhika. Alimfuata Mrundi mmoja aliyesoma Tanzania, akajifunza kwake maneno aliyoyakosa, akarudi nayo darasani na kuyapanga kwa subira: kwamba nyota inawaka kwa moto wake yenyewe, na jua ni nyota kama nyingine ila liko karibu; kwamba sayari haina moto wake, inamulikwa na jua na kulizunguka; kwamba mwezi unaizunguka sayari yake; na kwamba kimondo ni jiwe linaloungua likiingia katika hewa yetu, si nyota iliyoanguka, na wala hakuna mtu mkubwa aliyekufa mahali popote kwa sababu kimeonekana.

Haikupita hivi hivi. Aliposema kwamba nyota ya asubuhi si nyota, ni sayari iitwayo Zuhura, na kwamba ile ya jioni ni hiyo hiyo, akina mama wa kwaya walimshtaki kwa mchungaji kwamba anamwondoa Yesu mbinguni, kwa maana Ufunuo unasema Bwana ndiye nyota ya asubuhi. Marehemu alikwenda mbele ya wazee wa kanisa na Biblia yake, akawaeleza kwamba neno linaweza kufanya kazi moja katika maombi na kazi nyingine darasani, kama vile mchungaji anavyoitwa mchungaji na hana hata mbuzi mmoja, na hakuna anayemwita mwongo. Mchungaji wa wakati huo alicheka mpaka akashika tumbo, na kesi ikaishia hapo.

Namna yake ya kufundisha sayari, wengi wenu mliosimama hapa mliicheza. Aliwatoa watoto uwanjani, akamweka mmoja katikati na jerikani ya njano kichwani, huyo ndiye jua, na wengine tisa wakalizunguka kila mmoja katika njia yake, Utaridi akikimbia karibu, kisha Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranusi, Neptuni, na wa mwisho Pluto, mbali kabisa, kule karibu na mihogo ya watu, akitembea polepole mpaka wenzake wanamaliza na kwenda kunywa uji. Kila mtoto alilia asipewe Pluto, isipokuwa msichana mmoja, Umwiza, aliyeiomba mwenyewe mwaka 2003 na kuishika miaka mitatu, kwa sababu alisema kule mbali hakuna wa kumsukuma.

Sasa tunafika mahali penyewe. Tarehe 24 Agosti 2006 wataalamu wa anga walikutana Prague, mji wa Ulaya, wakajadiliana, wakapiga kura, wakaamua kwamba tangu siku hiyo neno sayari litakuwa na masharti matatu: kitu kilizunguke jua, kiwe na uzito wa kukivuta chenyewe mpaka kiwe mviringo, na kiwe kimesafisha njia yake, yaani kisiwe kinatembea katikati ya vitu vingine vingi visivyo chini yake. Pluto ilipita masharti mawili, la tatu ikaanguka, kwa sababu kule inakopita imejaa mawe na barafu vya kila namna. Dunia nzima ilisikia. Redio zilisema, magazeti yaliandika, vitabu vilichapwa upya, na Nakivale hakuna aliyekuja kusema lolote, kwa kuwa habari zinazoletwa huku ni za sabuni, maharage na vyandarua, na hakuna ofisi iliyowahi kufikiri kwamba mkimbizi naye anahitaji kujua kilichotokea angani. Mwalimu akaendelea kufundisha tisa, kwa nia safi, miaka miwili.

Mwaka 2008 Umwiza alipata nafasi ya sekondari mjini Mbarara, upande wa Kakoba, na huko alipoulizwa sayari ni ngapi alisimama akazitaja tisa kwa fahari, na darasa zima likamcheka, wakamwita Pluto muhula mzima. Likizo ya Agosti alipofika Nakivale hakwenda kwao kwanza, alikuja moja kwa moja nyumbani kwa mwalimu na begi lake mgongoni, akasimama mlangoni akilia, akasema, "Mwalimu, batu bote bananicheka. Banasema ziko munane. Juu ya nini ulitudanganya?"

Marehemu alimwuliza jina la mwalimu wake wa sayansi. Tarehe 22 Septemba 2008 alipanda gari mpaka Mbarara, akamtafuta mwalimu wa sayansi wa Umwiza, mama mmoja mpole wa Kinyankore, ambaye alimkalisha, akamwonyesha kitabu kipya na kumwandikia masharti yale matatu ubaoni, moja baada ya jingine, akamweleza hata walichobishania wataalamu wenyewe, kwa sababu wako ambao hawajakubali mpaka leo. Tungependa mjue kwamba Mwalimu alirudi akiwa na hasira, lakini si hasira na wataalamu. Alisema wao walifanya kazi yao hadharani na kutoa sababu. Alikuwa na hasira na miaka miwili, kwamba watu walijua wakakaa kimya, na watoto wake wakapelekwa mjini na maneno yaliyokwisha kuchakaa kama watu waliovalishwa nguo mbovu kwenda harusini.

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, na yeye alitaka neno la Kiswahili la kuwapa watoto. Alifikiria kusema sayari ndogo, akaona haifai, kwa kuwa Utaridi nao ni mdogo na hakuna aliyeutoa, tena vitabu vya zamani vilitumia maneno hayo kwa yale mawe yanayozunguka kati ya Mirihi na Mshtarii. Mwisho akalipata neno linalotumika, sayari kibete. Hapo akasita. Misiera tuna fundi cherehani, Elisée, mtu mfupi ambaye kimo chake kinajulikana na wote na ambaye watoto wamemsumbua miaka mingi, na Mwalimu aliona kwamba neno hilo akilipeleka darasani asubuhi, jioni litakuwa linarushwa mbele ya duka la fundi pamoja na maganda ya ndizi.

Kwa hiyo, kabla ya kulifundisha, alikwenda kwa Elisée kumwomba ruhusa. Wakubwa wa shule wa siku hizi hawawezi kufanya hivyo hata wakilipwa. Elisée yuko hapa, na ametukubalia tuyaseme maneno yake kama alivyoyasema. Alisimamisha cherehani, akasikiliza masharti yote matatu, kisha akauliza, "Mwalimu, mimi niko mufupi, lakini niko mutu. Bibi yangu ananiita bwana, batoto bananiita papa. Sasa iyo Pluto, banasema iko sayari mufupi, ao banasema haiko sayari?" Mwalimu akamjibu kwamba, kwa neno lao, haimo katika sayari. Elisée akasema, "Sasa kama haiko sayari, juu ya nini banaipatia jina ya batu bafupi? Bafupi banatosha kuwa batu."

Mwalimu alikaa pale mpaka giza likaingia, kwa sababu swali lilikuwa zito na yeye hakuwa mtu wa kulipita swali. Mwishoni walikubaliana hivi: neno litafundishwa, kwa kuwa watoto watalikuta vitabuni watake wasitake, lakini Elisée atakuwepo, na swali lake litafundishwa pamoja nalo. Siku ile fundi alikaa benchi la mbele na koti lake la Jumapili, neno likaandikwa ubaoni, sababu tatu zikaelezwa, swali likaulizwa, na hakuna mtoto aliyecheka. Tangu hapo kila mwaka Mwalimu alipofika kwenye sayari kibete alisema, "Kuna swali ya fundi Elisée, na mpaka leo bale bakubwa habajaijibu."

Wengine wangeishia hapo. Marehemu alisema waliokuwa darasani wamesahihishwa, je, waliokwisha kutoka? Akaamua kuwafuata. Kuanzia Oktoba 2008 mpaka mwisho wa 2009, kila Jumamosi isiyokuwa na maziko, alipanda baiskeli yake akawatafuta wanafunzi wake wa zamani mmoja mmoja, vijiji vya Juru, Rubondo na Kabazana, akawafuata Masha walikokwenda kuchunga ng'ombe za watu, akawafuata Kakoba walikokwenda kutafuta maisha, na kila aliyempata alimweleza kwamba alimfundisha sayari tisa, kwamba sasa ni nane, na kwamba Pluto imewekwa katika kundi jingine kwa sababu tatu, ambazo hakuondoka mpaka azirudie zote. Wengine aliwakuta katikati ya soko, wengine wakikamua, mmoja alikuwa mbele ya afande wa polisi akijieleza kwa kukosa taa ya pikipiki, na Mwalimu akangoja kesi iishe.

Bienfait, anayeendesha boda boda Kakoba, anasema alipomwona mzee anashuka kwenye baiskeli, ambayo kwetu ni kinga, na vumbi mpaka kwenye kope alishikwa na hofu, na aliposikia habari yenyewe akasema, "Mwalimu, umetoka Nakivale na kinga juu ya Pluto? Mimi nilifikiri kuna mutu amekufa!" Kisha akampakia bure mpaka kituo cha magari, kwa sababu, anasema, hajawahi kuona mtu mzima anakuja kumwambia nilikosea. Mama Viviane naye alikuwa na maneno yake. "Bwana yangu anaenda Masha juu ya jiwe ya kule mbinguni," aliwaambia wamama kisimani, "na shamba yetu imejaa majani." Lakini alikuwa akimfungia viazi vya njiani, na baiskeli ilipopasuka tairi ni yeye aliyeuza kuku wake wawili.

Mwanzo wa mwaka 2010 shule za hapa zilipata msimamizi mpya, shirika ambalo familia imeamua kutolitaja jina mbele ya marehemu, na walimu wote wakaitwa kupangwa upya. Jumatatu tarehe 8 Februari 2010 marehemu aliambiwa kwamba kuanzia siku hiyo yeye si mwalimu, ni msaidizi wa darasa. Alipouliza kwa nini, kijana aliyekuwa mezani aliitazama diploma yake, akasema hakuna nchi inayoitwa Zaire. Mwalimu akamweleza kwamba nchi ipo na watu wake wapo, kilichobadilishwa ni jina. Yule kijana akasema tena kwamba ofisi imesikia kuwa mzee huyu amezunguka kambi nzima akikiri mwenyewe kwamba alifundisha uongo.

Ndugu zetu, tuseme wazi, maana tumenyamaza miaka mitano. Katika shule ile ile, mwaka ule ule, walikuwepo walimu wengine watatu wanaofundisha sayari, na wote watatu walikuwa bado wanafundisha tisa. Hao walibaki walimu. Aliyejisumbua kujua, aliyekwenda mjini kwa nauli yake, aliyepanda baiskeli mwaka mzima kusahihisha jambo ambalo hakuna mtu angemwuliza, huyo ndiye aliyenyang'anywa jina. Tunaumia tunapolisema hili, na hatuoni sababu ya kulisema kwa upole.

Tangu siku hiyo kazi yake ilikuwa kuteka maji, kupanga watoto mistari na kulinda mlango wa choo wakati wa mapumziko, na aliambiwa asishike chaki. Alitii. Wenzake wenye utu walimwita ndani mkuu wa shule alipokuwa hayupo, wakampa chaki, wakaenda kukaa nyuma pamoja na watoto, na familia inawashukuru hao bila kuwataja, wasije wakapangwa upya nao. Lakini jambo moja hakulikubali, na lilikuwa swali. Alikwenda ofisini Base Camp, makao makuu ya kambi, mwaka 2010, akaenda Mbarara mwaka 2011, akarudi Mbarara mwaka 2013, na kila mahali alisema maneno yale yale, kwamba hakuja kugombana, wala hakuja kuomba arudishiwe, amekuja kuomba sababu. Alisema, "Pluto haina masikio, na bado walikaa, wakajadiliana, wakaipa sababu tatu mbele ya dunia nzima. Mimi niko na masikio mawili. Nipeni hata moja." Ofisa mmoja alimpigapiga begani akasema, "Mzee, wewe rudi nyumbani, ngoja tu, sisi tutaita wewe." Akarudi nyumbani, akangoja, na tangu hapo kila gari la ofisi lilipopita Misiera alifunga vifungo vya shati.

Mwezi Novemba 2014 miguu yake ilianza kuvimba, akatibiwa hapa kambini, na mwezi Aprili 2015 akapelekwa hospitali mjini Mbarara, ambako madaktari walikuta kwamba figo zake zimechoka sana. Alilala huko mara tatu, akihudumiwa na Pascaline, ambaye anaishi Kakoba na aliyeacha biashara yake kwa ajili ya baba yake. Jumatano tarehe 15 Julai 2015 Pascaline alimletea simu yenye picha iliyokuwa imezagaa dunia nzima, kwa kuwa siku iliyotangulia chombo cha anga kilichosafiri zaidi ya miaka tisa kilikuwa kimepita karibu na Pluto na kuipiga picha ambayo haijawahi kuonekana. Mwalimu aliomba ainuliwe kwenye mito. Aliitazama, akamwita mgonjwa wa kitanda cha jirani, mfugaji wa Masha, akampa simu, akaanza kumweleza kwa sauti iliyobaki.

Yule mfugaji alimwuliza kama kitu kile ni sayari au si sayari. Pascaline anakiri kwamba alitamani baba yake ajibu ndiyo, apate angalau furaha hiyo. Marehemu akasema, "Kwa neno lao, hapana, na sababu zao ninazijua," akazitaja zote tatu, akapumzika kidogo, akaongeza swali la fundi Elisée. Muuguzi akaja akamwambia, "Mwalimu, sasa ulale." Aliendelea kudhoofika siku zilizofuata, na Jumapili tarehe 19 Julai 2015, saa nne asubuhi, akaaga dunia akiwa na umri wa miaka sitini, akimwacha mjane, mabinti wawili na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu mpaka mwisho bila kumwuliza anatoka wapi. Tunawashukuru majirani wa Misiera waliolala nje kwetu siku hizi mbili, kina mama waliopika, kwaya iliyoimba, na Elisée aliyeshona suti aliyovaa marehemu na kukataa kulipwa. Tunamshukuru Bienfait na wenzake wa boda boda waliolisindikiza gari la maiti kutoka Mbarara mpaka hapa. Tunamshukuru Umwiza, ambaye leo mwenyewe anasomea ualimu, na aliyeomba kuwa miongoni mwa watakaorusha udongo wa kwanza.

Wageni wa ofisi, nanyi tunawashukuru kwa kuja, kwa kuwa jana mlileta mchele, na pamoja na mchele mlileta ujumbe kwamba msalabani tusiandike mwalimu, tuandike msaidizi wa darasa, kusudi mambo yasichanganyike. Tumeusikia ujumbe huo. Msalaba mnauona, na fundi ameandika Mwalimu kwa rangi ya mafuta, na haitafutwa.

Mnajua desturi yetu. Kabla maiti hajashuka kaburini, familia inauliza mbele ya watu kama yupo anayemdai marehemu, au ambaye marehemu alikuwa anamdai, asimame alimalize jambo hilo hapa, watu wakirudi majumbani pasiwe na kinachobaki. Tumekwisha kuuliza huko nyumbani, na hakuna aliyemdai. Yeye alikuwa anadai kitu kimoja tu, sababu, na wanaodaiwa wako hapa, wamekaa kwenye viti vya plastiki upande wangu wa kulia. Tunawapa nafasi. Msitoe tatu, toeni moja. Jeneza litangoja, na sisi tutanyamaza.

Maneno haya yanayofuata tuliyaandika jana usiku, kabla hatujafika makaburini, kwa sababu tulikuwa tunawajua: hakuna aliyesimama.

Basi shusheni. Mwalimu Byamungu, pumzika, amani iwe kwako. Kuuliza tutaendelea sisi.